Mlima wa kwenda kwa Mama

Mama anaishi Igogo, jijini Mwanza, juu kabisa, kule ambako gari halifiki. Ukishuka kwenye daladala ya Nyegezi unaiacha lami, unapita kati ya kibanda cha fundi viatu na mashine ya kusaga, halafu unaanza kupanda. Mwanzoni kuna ngazi za saruji ambazo wakazi walichangishana wakazimimina wenyewe. Zikiisha unakuta mawe yaliyosuguliwa na nyayo za watu mpaka yanang'aa, na juu zaidi ni kinjia tu, upande mmoja jabali, upande wa pili ukuta wa nyumba ya mtu. Njiani kuna mawe makubwa matatu ambayo watu hupumzikia. Nimezihesabu hatua zote nikiwa mtu mzima: kutoka lami hadi mlangoni kwa Mama ni 318. Utotoni sikuwahi kuzihesabu hata siku moja.

Nilizaliwa kwenye nyumba hiyo mwaka 1977. Baba alikuwa kuli bandarini, Mwanza Kusini, na Mama alikuja pale kutoka Magu akiwa msichana wa miaka 20. Leo mimi nina miaka 48 na yeye ana 71.

Desemba ya mwaka 2023 nilipanda kumpelekea Mama kitenge cha Krismasi. Sikuwa na mzigo, mkoba tu begani na hicho kitenge. Kwenye jiwe la kwanza nilisimama nikajifanya natafuta simu. Kwenye jiwe la pili sikujifanya chochote, nilikaa. Kwenye jiwe la tatu nilishika mwamba kwa mikono miwili, kichwa nimekiinamisha, moyo nausikia masikioni kama mtu anatwanga kinu chumba cha jirani. Ulimi ulikuwa mkavu. Nyama za nyuma ya miguu zilikuwa zinatetemeka zenyewe. Nikiwa hapo nikaona miguu inapita mbele ya macho yangu, kandambili za bluu, visigino vyenye nyufa ninavyovijua tangu nizaliwe. Alikuwa Mama. Alikuwa anarudi kutoka kuuza, beseni la dagaa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, liko kichwani, mkono mmoja umelishika, mwingine unaning'inia tu.

Nilisema shikamoo kwa sauti iliyokatika katikati. Akaitikia marahaba, akanitazama. "Pole mama," akasema, "kaa kwanza upumzike, utanikuta." Akaendelea kupanda. Hakuongeza mwendo wala hakupunguza, na hakuwa anahema.

Nilibaki pale nikiangalia ziwa. Kutoka kwenye jiwe lile unaiona bandari yote, reli, na maji ya ghuba hadi ng'ambo. Baridi ya jioni ilikuwa imeanza kupanda kutoka majini na mimi nilikuwa nimeloa jasho mgongo mzima. Nilijiuliza swali moja: huyu amenizidi miaka 23, amenizidije pumzi?

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu langu, na wanawake wenzangu wengi kazini wana jibu hilohilo. Tunasema, "Umri umeenda." Ukipanda ngazi mbili ukahema, umri umeenda. Nguo ya mwaka jana ikikataa kufungwa, umri umeenda. Lakini umri wa Mama umeenda zaidi ya wangu, na yeye alikuwa ameshafika juu, pengine ameshawasha na mkaa. Jibu langu lilikufa pale kwenye jiwe la tatu.

Nikiwa na miaka 19 nilipanda mlima ule na ndoo ya lita 20 kichwani, mara mbili asubuhi na mara mbili jioni. Bomba lilikuwa chini karibu na barabara. Lita 20 ni kilo 20, hakuna ujanja. Ukishaitwika hutakiwi kusimama, kwa sababu kuianza tena safari ni kazi kuliko kuendelea. Nilijifunza kuhema kwa mpango, hatua mbili navuta, hatua mbili natoa. Shingo ilikuwa imenyooka kama ya askari wa gwaride. Jioni baada ya maji nilishuka tena kwenda kucheza netiboli, nilikuwa senta, na senta hukimbia kuliko wote. Nikirudi nilikula ugali wa udaga na mapanki, yale mabaki ya sangara aliyetolewa minofu, nikalala, na kesho yake sikuwa na maumivu yoyote. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba hayo ni mazoezi. Yalikuwa ni maisha ya mtoto wa kilimani.

Nasema haya, lakini sitaki kuudanganya ujana wangu. Watu wa rika langu tukikaa tunazungumza kana kwamba tulikuwa wazima kuliko watoto wetu, na si kweli kwa kila kitu. Nilikuwa na nguvu, sikuwa na afya. Malaria ilinilaza karibu kila mwaka. Tulifua na kuoga ziwani, tukapata kichocho, mimi na kaka zangu wote. Vidonge vya praziquantel nikivikumbuka hadi leo mate yananijaa, vikubwa, vichungu, unavimeza vingi kwa mara moja. Kuna miezi ambayo damu yangu ilikuwa chache kiasi cha kope za ndani kuwa nyeupe, na bado nilibeba maji. Binti yangu ana miaka 21. Amekulia kwenye nyumba yenye bomba na chandarua, amekula vizuri, hajawahi kulazwa. Siwezi kumwambia kwamba ujana wangu ulikuwa bora kuliko wake. Naweza kumwambia tu kwamba mlima ulinipa miguu na pumzi bila kuniuliza, na kwamba nilidhani nimepewa moja kwa moja.

Mwaka 2000 niliingia kiwanda cha samaki, kitengo cha minofu. Unasimama kwa muda wa saa nane, mabuti ya mpira miguuni, sakafu ina maji na barafu, kisu mkononi, sangara wanakuja kwenye meza bila kukoma. Wengine ni wazito, wa kilo 15, 20, unawageuza kwa nguvu za mikono na kiuno. Nilifanya kazi hiyo miaka minane huku nasoma uhasibu jioni. Mwaka 2008 nikahamishiwa ofisini na nilimshukuru Mungu, na hadi leo namshukuru, maana vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi kwa baridi. Lakini tangu siku ile nimekaa. Kiti asubuhi, kiti mchana, kiti jioni. Nikahamia Nyakato, sehemu tambarare. Bodaboda zikaingia mjini, na mwendo wa dakika kumi ambao nilikuwa nautembea nikaanza kuulipia. Saa nne chapati mbili na soda mezani, kwa sababu kila mtu ofisini anakunywa chai saa nne. Kwenda kwa Mama kukawa mara moja kwa mwezi, halafu sikukuu kwa sikukuu. Mara nyingi yeye ndiye aliyeshuka kuja kwangu, na mimi niliona ni upendo wake tu.

Nyama uzembe ziliingia polepole. Nilikuwa na kilo 62 nilipohamia ofisini, na Krismasi ile nilikuwa na 84.

Machi 2024 wahudumu wa afya walikuja kazini kupima wafanyakazi wote. Presha yangu ilisoma 154 kwa 98. Wakanikalisha dakika chache, wakapima tena, ikasoma 150 kwa 96. Yule dada akanieleza taratibu kwamba kuanzia 140 kwa 90 tayari inahesabika ni presha ya juu, lakini asingenipa jina la ugonjwa kwa siku moja, nirudi nipimwe siku nyingine mbili. Nilirudi. Ilikuwa palepale. Nilikuwa sijasikia chochote, kichwa hakikuuma wala macho hayakuona kiza. Na hapa niseme kwa nini nilitoka pale nikilia: Baba alikuwa na presha. Nitarudi kwa Baba.

Nikaanza kumeza kidonge kimoja kila asubuhi, na ninameza hadi leo. Nawaomba wanaonisoma ambao wameandikiwa dawa wasiache kwa sababu wanajisikia vizuri. Presha imeshuka kwa sababu unazimeza, na ikipanda tena huenda usisikie chochote. Chumvi niliipunguza kwa shida kubwa sana kwa sababu mimi ni mtu wa kayabo. Sangara aliyekaushwa kwa chumvi, akaungwa na nyanya na karanga, kwangu hicho ni chakula cha kumbukumbu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hicho ni pamoja na chumvi iliyo ndani ya mkate na vingine vyote. Kipande kimoja cha kayabo kinaweza kula sehemu kubwa ya kijiko hicho. Siku hizi nakula mara moja kwa mwezi, nakilaza kwenye maji usiku kucha, namwaga, naweka maji mengine, namwaga tena. Siku zilizobaki nakula sato mbichi au dagaa, ndimu nyingi, pilipili.

Kisha nikafanya kosa ambalo watu wengi wa umri wangu wanalifanya wakishaogopa. Nilitaka kuurudisha mwili wa miaka 19 kwa wiki sita.

Mei Mosi kulikuwa na bonanza, idara yetu dhidi ya uzalishaji. Wakauliza nani anacheza senta. Nilinyoosha mkono bila kufikiri, mkono ulinyooka wenyewe. Nilikuwa nimetembea tembea wiki chache, nikajiona niko tayari. Robo ya kwanza nilicheza vizuri, mpira niliujua bado, macho yalijua pasi inaenda wapi kabla haijaenda. Robo ya pili nikaruka kukata pasi, nikatua, nikageuka kukimbia, na nyuma ya mguu wa kushoto nikasikia kama mtu amenipiga jiwe. Niligeuka kumtafuta aliyenipiga. Hakukuwa na mtu. Nyama ya mguu ilikuwa imechanika.

Hapo ndipo nilipoielewa tofauti ya ujana na umri huu kuliko nilivyowahi kuielewa. Macho na mikono vinakumbuka kila kitu. Nia inakumbuka. Lakini nyama na mishipa yake haisomi kumbukumbu, inasoma ulichofanya wiki iliyopita na mwezi uliopita. Nikiwa na miaka 24 niliwahi kuteguka kifundo cha mguu. Mama alinikanda kwa maji ya moto yenye chumvi, siku kumi baadaye nilikuwa uwanjani. Safari hii nilichechemea wiki saba. Mwili bado unapona, lakini unapona kwa zamu yake, na ukiuharakisha unaanza upya.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenihudumia alikuwa kijana mdogo, anaweza kuwa mwanangu, na alinisaidia sana. Baada ya wiki za kupumzika akaniambia nisimame kwenye ngazi kwa vidole, visigino vikining'inia, ninyanyuke juu kwa miguu miwili, halafu nishuke polepole mno, nikihesabu hadi tano. Mara 15, nipumzike, mara 15 tena, nipumzike, na tena. Nilidhani ananidharau. Siku ya kwanza sikufika 15 ya pili. Akaniambia, "Mama, kushuka polepole ndiko kunakojenga. Kupanda kila mtu anapanda." Akanieleza pia kwamba kuanzia miaka ya thelathini mtu asiyetumia nguvu hupoteza nyama ya mwili kidogo kidogo, inakadiriwa asilimia 3 hadi 8 kwa kila miaka kumi, na kwamba sehemu kubwa ya hiyo inaweza kuzuiwa au kurudishwa kwa kubeba vizito. Nilimuuliza kama hata mwanamke wa miaka 47. Akasema hata bibi wa miaka 80.

Usiku nikawa nasoma kwenye simu. Kitu kilichonishangaza kuliko vyote ni utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kwenye jarida la Science, wa Herman Pontzer na wenzake. Walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia vichanga wa siku chache hadi wazee wa miaka 95, wakaangalia mwili unaunguza chakula kiasi gani. Wakakuta kwamba ukishazingatia ukubwa wa mwili, kuanzia miaka 20 hadi 60 kiwango hakibadiliki. Kinaanza kushuka baada ya 60, na kwa wastani hushuka taratibu. Nilisoma mara tatu. Miaka yote nilikuwa nasema mwili wangu umezeeka hauunguzi tena chakula, na kumbe kilo zile 22 zilikuwa ni chapati za saa nne na soda.

Na mtafiti huyohuyo aliwahi kufanya kazi hapa nchini, kwa Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi. Wahadzabe wanatembea kutwa, wanachimba mizizi, wanawinda. Ungetegemea waunguze chakula kingi kuliko karani wa Marekani. Vipimo vyao vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha kwamba wanaunguza karibu sawasawa, ukizingatia ukubwa wa miili yao. Lakini presha zao ziko chini, na mioyo yao ni mizima hadi uzeeni. Mimi nilijifunza jambo kubwa hapo. Nilikuwa nataka mlima unipunguzie kilo, na mlima ukikataa nakata tamaa. Kilo zinaondokea kwenye sahani. Mlima kazi yake ni pumzi, mishipa, mifupa na miguu. Nilipotenganisha hayo mawili niliacha kujisikia nimeshindwa. Leo nina kilo 75, na kwa kweli hizo kilo nilizopunguza nimezipunguza jikoni.

Kuna siku moja nyumbani kwa Mama, Agosti mwaka jana, tulikuwa tumekaa kwenye mkeka tunachambua dagaa. Mtoto mchanga wa mdogo wangu alikuwa amelala mapajani mwa Mama. Mtu akabisha hodi. Mama alikunja miguu, akamkumbatia mtoto kifuani kwa mikono yote miwili, akainama mbele kidogo, akasimama. Ndivyo hivyo tu, akasimama, kama moshi unavyopanda. Mtoto hakuamka. Mgeni alipoondoka nilijaribu na mimi. Niliweka mkono wa kulia chini, nikaweka goti, nikashika ukuta. Kuna daktari wa Brazil, Claudio Gil Araújo, ambaye yeye na wenzake walifuatilia watu wapatao 2,000 wenye miaka 51 hadi 80, wakawapima kwa jambo hilo tu, kukaa chini na kuinuka, na kila mkono au goti lililoguswa waliwapunguzia alama. Waliopata alama chache walikuwa wengi zaidi miongoni mwa waliofariki katika miaka iliyofuata. Kukaa chini peke yake hakumponyi mtu, nalijua hilo. Ila kuinuka kunahitaji miguu, kiuno, pumzi na mizani kwa pamoja, na Mama amefanya hivyo mara ishirini kwa siku kwa miaka 71, kwa sababu jiko lake liko chini, mkeka uko chini, beseni la kufulia liko chini. Mimi nyumbani kwangu nina sofa, meza, na mashine ya kufulia. Nimevitafuta kwa jasho na sivirudishi. Lakini nimerudisha mkeka. Jioni nikitazama taarifa ya habari nakaa chini, na sasa nainuka bila goti. Mkono bado naugusisha siku nikiwa nimechoka.

Sitaorodhesha mazoezi yangu, kila mtu ana mwili wake na daktari wake. Kwa ufupi, siku tano za wiki natembea dakika 40, mara nyingi barabara ya Capri Point alfajiri kabla ya kazi. Huko unakutana na kila aina ya watu, vijana wa jogingi wanaimba, wazee wanatembea na fimbo, na ziwa liko pembeni kabisa, ndege wameanza kelele. Siku mbili nabeba vizito. Sina hela ya jimu, nina madumu. Na usingizi naulinda kuliko nilivyowahi kuulinda, maana ujanani nilikesha kwenye msiba usiku mzima na asubuhi nikaenda kazini, na sasa nikikesha usiku mmoja, siku mbili zinazofuata mguu unakuwa mzito na presha inapanda.

Wanawake wa umri wangu tuna jambo lingine ambalo tunalisema kwa kunong'ona, kukoma kwa hedhi. Kwangu ilianza kuyumba nikiwa na 46. Usiku napandwa na joto la ghafla, natupa shuka, dakika mbili baadaye nasikia baridi. Kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, na homoni zikishuka mifupa nayo huanza kupungua uimara kwa kasi. Hakuna aliyeniambia hayo. Niliwahi kumuuliza mhudumu mmoja nikajibiwa kwamba ni mambo ya kawaida nivumilie. Ni ya kawaida kweli, lakini mfupa hautaki uvumilivu, unataka kubebeshwa uzito ili ujue bado unahitajika. Nilikasirika sana nilipolijua hilo kwa kusoma badala ya kuambiwa. Mama nilipomuuliza yake ilikuwaje, alifikiri kidogo akasema, "Nilikuwa nabeba maji, sikumbuki sana."

Sasa Baba.

Ilikuwa mwaka 2009, mwezi wa nne, mvua zilikuwa zimelowesha kila kitu. Mama alinipigia saa nane usiku, Baba ameanguka anakwenda chooni, mdomo umepinda, mkono wa kulia hautikisiki. Alikuwa na presha na alikuwa ameacha dawa kwa sababu alijisikia vizuri. Nilifika kwa teksi hadi lami. Huko juu hakuna gari wala machela, na wanaoishi milimani Mwanza wanajua mgonjwa anashushwaje. Tulimweka kwenye kiti cha mbao chenye mikono, tukamfunga kifuani kwa kanga mbili, uso wake ukiangalia mlima ili asitupwe mbele. Watu wanne: jirani wawili wanaume chini, kaka yangu na mimi juu. Nilishika mguu wa kiti wa upande wa kulia, tochi nimeiuma kwa meno. Nilikuwa na miaka 32, mwaka mmoja tu tangu nitoke kwenye minofu. Hatua moja, tunatulia. Hatua moja, tunatulia. Kwenye yale mawe yanayong'aa tulivua viatu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa karibu na mkono wake uliokufa, ukinigusa kila tukishuka. Tulifika lami kwa muda ambao kaka yangu anasema ni nusu saa, mimi naona ulikuwa usiku mzima. Sikuachia hata mara moja. Baba aliishi siku kumi na moja zaidi, aliweza kututambua, na Mama alipata kuagana naye.

Krismasi ile kwenye jiwe la tatu, nilipoinua kichwa na kumwona Mama ameshatokomea juu, nilichofikiri mwisho kilikuwa hiki: ikipigwa simu usiku wa leo, siwezi kukishika kiti.

Mama ana kilo 58. Kiti kile bado kipo, anakikalia akisuka mikeka, nimekipima, kina kilo 6. Jumla 64, ukigawa kwa watu wanne ni kilo 16 kila mmoja, lakini mteremko haugawi sawa, wa chini wanaelemewa zaidi. Kaka yangu sasa ana matatizo ya mgongo. Wale jirani wawili, mmoja amefariki. Kwa hiyo pengine safari hii nafasi yangu itakuwa chini.

Nilianza na madumu mawili ya lita 3, moja kila mkono, kutoka lami hadi kwa Mama, Jumapili baada ya ibada. Nikaenda lita 5. Nilikaa kwenye lita 5 miezi minne, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kutoka kwenye mguu wangu. Presha yangu mwezi uliopita ilisoma 128 kwa 82. Jumapili iliyopita nilipanda na madumu mawili ya lita 10, yamejaa, kilo 10 kila mkono, na nilisimama kwenye jiwe la tatu tu. Naendelea kuhema kwa mpango uleule, hatua mbili navuta, hatua mbili natoa. Na kushuka nashuka polepole mno, nikiwa nimebeba mzigo wowote nitakaopewa, kwa sababu kiti kinashuka, hakipandi.

Mama hajui habari za kiti. Aliniona nimesimama mlangoni na madumu mikononi, viganja vyekundu, akashangaa. "Mama, mimi nina bomba ndani sasa, haya maji ya nini?" Nikamwambia nimemletea tu. Akayatazama, akanitazama, akayachukua madumu moja moja hadi nyuma ya nyumba kwenye viroba vyake vya mchicha, akamwagilia vyote hadi udongo ukajaa. Aliporudi alinirudishia madumu matupu.

"Jumapili ulete tena," akasema. "Jua limekuwa kali."